Msaada: MIG ya fezi tatu inapiga paa-paa, mshono unakaa juu tu. Fundi anasema kadi imekufa

#1 Geti la Tabata

Wakuu, habari za jioni. Nina karakana ndogo ya mageti na grili hapa Tabata, tuko watatu. Mashine inayotulisha ni MIG, ya kuchomea kwa waya na gesi, ya zamani iliyotoka Ulaya, fezi tatu, ampea 250, ile ya swichi ya kuzungusha yenye hatua saba, na transfoma yake ni ya kubebwa na watu wawili. Niliinunua mtumba Gerezani miaka sita iliyopita. Imenijengea nyumba, imenisomeshea watoto, sijawahi kuinung'unikia mpaka mwezi huu.

Tatizo limekuja taratibu. Hatua ya kwanza mpaka ya tatu inachoma, ingawa si kama zamani. Nikipanda hatua ya tano ili nichome flati ba ya milimita 6, waya unagonga chuma, unapasuka paa, unagonga tena, paa. Cheche zinajaa kila mahali. Mshono haulali, unasimama juu ya chuma kama nta ya mshumaa. Ukiupiga nyundo unabanduka, na chini yake unakuta chuma kinang'aa, hakijayeyuka hata kidogo. Juzi tukiwa tunapakia geti kwenye kirikuu, bawaba ya juu ilibanduka mkononi mwa kijana wangu. Sikulala vizuri siku ile. Geti lile lina kilo zaidi ya mia, na nyumba linakokwenda ina watoto wadogo.

Nimeshabadili tipu mara tatu, nozo, spuli mpya ya waya wa 0.8, mtungi wa CO2 nimeazima kwa jirani yangu. Hakuna tofauti. Nikaita fundi umeme, akafungua, akapima volti bila kuchoma, hatua ya saba akapata 36. Akasema transfoma nzima, dayodi (zile zinazogeuza umeme kuwa wa DC) nzima, kilichokufa ni kadi ya kuongozea mashine, na anataka sh. 380,000. Pesa hiyo sina mpaka nikope, na kusema kweli moyo haujaridhika. Naombeni mawazo yenu kabla sijaingia deni.

#2 Dada Chuma

Pole sana kaka. Mimi nachomea viti na meza Keko, MIG ndiyo mashine yangu ya kila siku. Kwanza tenganisha ugonjwa wa waya na ugonjwa wa moto, maana kwa macho vinafanana. Waya ukija kwa kushtukashtuka, moto nao utapiga paa-paa hata kama mashine ni nzima.

Legeza mkono wa rola inayosukuma waya, nenda mbele ya tochi, kamata waya kwa plaisi uvute pole pole. Ukija laini mwanzo mpaka mwisho, laina (ule mrija unaopitisha waya mpaka kwenye tochi) haina shida. Ukikwama na kuachia, toa laina. Hapa kwetu pwani hewa ina chumvi na unyevu, spuli ikikaa wazi wiki mbili za masika inashika kutu nyembamba ambayo huioni mpaka upitishe kitambaa cheupe. Kutu ile, pamoja na vumbi la shaba linalokwanguliwa na rola, vyote vinaishia ndani ya laina. Niliwahi kutoa yangu nikaigonga sakafuni, likamwagika vumbi jekundu kijiko kizima.

Angalia pia mfereji wa rola. Waya wa 0.8 kwenye mfereji wa 1.0 unateleza. Mtu anaona unateleza, anakaza springi, waya unakuwa bapa, unakwama kwenye tipu, anakaza tena. Na laina ya bluu ndiyo ya 0.8, nyekundu ni ya 1.0 na 1.2. Ukiweka nyekundu kwa waya mwembamba, unacheza humo ndani kama nyoka.

Usiku funika spuli na mfuko wa nailoni. Ni jambo dogo lakini limeniokolea pesa nyingi.

#3 Geti la Tabata

Asante dada. Nimevuta, unakuja lakini unashikashika. Nimetoa laina, nimepuliza kwa kompresa, vumbi lilelile ulilolisema. Na rola kweli ilikuwa imegeuzwa upande wa 1.0, sijui nani aliigeuza, nimeirudisha. Sasa waya unatoka vizuri, hata mlio wa mota umebadilika.

Ila paa-paa ya hatua ya tano iko palepale.

#4 Bodi ya Lori

Fungua uangalie ndani kwa macho kabla ya mita. Sisi tunaotengeneza bodi za malori Vingunguti tunafungua mashine kila baada ya miezi mitatu, tunapuliza. Vumbi la grainda ni chuma, linapitisha umeme, linajaa juu ya dayodi na feni. Mwaka juzi mashine yetu ilikuwa inanguruma ngrrr kila ukibonyeza triga, moto unawaka na kuzima. Tulipofungua kontakta, ile swichi ya sumaku inayowasha moto ukibonyeza triga, tukakuta mjusi kafiri amebanwa katikati ya sumaku, amekauka, kontakta haifungi mpaka mwisho. Tulimtoa kwa bisibisi, kazi ikaendelea.

#5 Mzee wa Mota

Mwanangu wa Tabata, pole na kazi. Nimefanya umeme wa viwandani zaidi ya miaka thelathini, Barabara ya Pugu, hii mnayoiita sasa Barabara ya Nyerere. Nimestaafu, lakini MIG za aina hiyo nimezifungua nyingi, na naumia nikisikia mtu anauziwa kadi asiyoihitaji.

Kwanza, hiyo 380,000 usikope. Katika mashine ya transfoma kama yako, kadi haichomelei. Kazi yake ni kuendesha mota ya waya, kufungua gesi, na kuiamuru kontakta ivute. Basi. Moto wa kuchomea unatoka kwenye laini, unapita kontakta, swichi ya hatua, transfoma, dayodi, ile koili kubwa ya kuutuliza, halafu kebo, tochi, chuma, kibano cha ethi kinachoshika kazi, na kurudi. Kadi haimo katika njia hiyo. Kama waya unatoka, gesi inatoka na kontakta inalia tak, kadi imeshatimiza wajibu wake. Inveta hizi nyepesi za siku hizi ni habari nyingine kabisa, msichanganye.

Pili, ile 36 aliyopima mwenzangu haimwambii anachodhani inamwambia. Mita inavuta umeme mdogo mno. Njia ikibaki nyembamba kama unywele, mita bado itasoma volti kamili. Chukua bomba lililojaa mchanga: koki ikiwa imefungwa, presha iko palepale. Fungua koki ndipo utaona maji yanadondoka matone. Na kama mashine yako ina zile kapasita kubwa kama kopo la maziwa ya unga, ndiyo kabisa, zinajaa mpaka kilele na kukaa hapo hata kama dayodi moja imekufa. Volti za MIG zipime moto ukiwa unawaka.

Kesho fanya hivi. Mita iwe kwenye volti za DC, ncha zake kwenye vituo viwili vya kutokea moto. Kijana achome hatua ya pili, andika. Achome hatua ya tano, andika. Kisha ncha moja kwenye kituo cha hasi cha mashine, nyingine kwenye kile chuma kinachochomwa, achome, andika. Usiniambie ilikuwa ndogo au kubwa. Niletee namba.

#6 Kijana wa Goba

Nipo hapa najifunza. Mzee shikamoo. Naomba kuuliza pembeni kidogo: mimi nyumbani nina fezi moja tu, nimeona MIG ya fezi tatu inauzwa bei nzuri, kuna fundi anasema anaweza kuibadili ikubali.

#7 Mzee wa Mota

Marahaba. Usinunue. Transfoma ya fezi tatu ina miguu mitatu ya koili, ukiilisha mmoja na nusu utapata moto mbovu kuliko huu tunaouuguza hapa. Tafuta ya fezi moja hata kama ni ndogo, itakutosha kwa skwea paipu za milimita 1.5 mpaka 3.

#8 Geti la Tabata

Shikamoo mzee. Nimefanya kama ulivyoelekeza, nimeandika kwa chaki ukutani.

Hatua ya 2: bila kuchoma 24, ikichoma 18.
Hatua ya 5: bila kuchoma 33, ikichoma inaruka kati ya 13 na 17, haitulii.
Hasi ya mashine mpaka kwenye chuma: hatua ya 2 ni 2.1, hatua ya 5 inafika 2.8.

#9 Mzee wa Mota

Marahaba mwanangu. Hizo ndizo namba za kufanyia kazi, na zina magonjwa mawili ndani yake.

Ipo kanuni inayotumika kupangia mashine za MIG: chukua 14, jumlisha 0.05 kwa kila ampea. Kwa ampea 150 unapata volti 21.5. Hizo ndizo volti ambazo moto wa kiasi hicho unazihitaji ili utulie. Wewe hatua ya tano una 15 kwenye vituo vya mashine, na kati ya hizo karibu 3 zinaliwa na njia ya ethi kabla hazijafika kazini. Moto una 12. Hauwezi kuwaka, ndiyo maana waya unagonga, unashika, unapasuka.

Watu wanaidharau ethi kwa sababu macho yanaona kibano kimeshika. Upinzani wa omu 0.02 tu, ambao mita ya kawaida haiwezi hata kuuonyesha, ukipitisha ampea 150 unakula volti 3. Volti 3 mara ampea 150 ni wati 450, nusu ya pasi. Kiguse kibano chako baada ya mshono mrefu, na uguse pale kebo inapoingia kwenye lagi, kile kiungo cha mwisho wa kebo. Palipo na moto ndipo volti zako zinapopotelea.

Anza hapo. Kata kebo sentimita tano mpaka ufikie shaba inayong'aa, weka lagi mpya, ikaze kwa bolti, paka rangi mahali pengine popote lakini si pale kibano kinapokaa. Hasi mpaka chuma isizidi 0.5. Kisha rudia vipimo.

#10 Upepo wa Kigamboni

Wataalamu samahani kuingilia. Yangu ni ya fezi moja, moto ni mzuri ila mshono una vitundu kama sponji. Nachomea nje, karibu na bahari. Geji ya mtungi inasoma sawasawa, kama baa 60.

#11 Dada Chuma

Kaka, upepo huo wa bahari ndio mshukiwa wa kwanza. Gesi inayotoka kwenye nozo ni lita 10 mpaka 15 kwa dakika, pumzi ndogo sana, upepo unaosogeza jani unatosha kuipeperusha. Simamisha shiti mbili za bati upande wa bahari ujaribu tena. Usikimbilie kuongeza gesi mpaka 25, ikitoka kwa kasi inazunguka na kuvuta hewa ya nje ndani.

Na geji ya CO2 isikudanganye. Ndani ya mtungi CO2 ni kimiminika, presha inabaki palepale karibu 60 mpaka tone la mwisho, halafu inaporomoka ghafla. Mtungi wa CO2 unaupima kwa mizani, uzito unajua ukweli.

Hata hivyo hakikisha gesi inafika. Legeza rola waya usitoke, bonyeza triga, sikiliza kwenye nozo. Kimya maana yake vali ya gesi haifunguki au mpira umebanwa. Ukisikia dhaifu, pitisha povu la sabuni kwenye mpira wote na pale tochi inapoingia kwenye mashine, pana pete ndogo za mpira hapo zinazokatika. Na ng'oa cheche zilizojaa ndani ya nozo, zikiziba upande mmoja gesi inatoka kombo.

#12 Upepo wa Kigamboni

Ni pete, dada. Moja haipo kabisa, nyingine imekatika. Na bati nimeweka. Ubarikiwe.

#13 Geti la Tabata

Mzee, nimeifungua lagi ya ethi. Kwa nje ilionekana nzuri tu, ina mpira mweusi juu yake. Nilipochana ule mpira nikakuta nyuzi za shaba zimekuwa nyeusi na nyingine za kijani, zinavunjika ukizikunja kwa kidole. Zilizokuwa zimeshika kweli ni kama theluthi moja. Kumbe kwa muda wote huu nilikuwa nachomea kwa theluthi ya kebo! Nimekata, nimeweka lagi mpya, kibano nimekinunua cha shaba.

Namba mpya: hasi mpaka chuma 0.4. Hatua ya tatu sasa mshono unalala, nimeukata kwa grainda nikaona umezama. Nimefurahi sana. Lakini hatua ya tano kwenye vituo vya mashine inaruka 15 mpaka 18. Bado inapiga, japo si kama mwanzo.

#14 Mzee wa Mota

Vizuri. Ugonjwa wa kwanza umeisha, na sasa tunajua wa pili umo ndani ya sanduku, kwa sababu volti zinaanguka kwenye vituo vyenyewe kabla hazijafika kwenye kebo.

Soma yote haya mpaka mwisho kabla hujashika bisibisi. Chomoa plagi ukutani. Sisemi uzime swichi. Nasema uchomoe, uiweke plagi mahali unapoiona. Kisha kapasita. Hata volti 40 zikiwa kwenye kapasita kubwa zinaweza kuyeyusha ncha ya bisibisi na kukurushia chuma cha moto machoni. Chukua balbu mbili za lori za volti 24, ziunge mfululizo, shikiza waya zake kwenye vituo vya kutokea moto mpaka zizime kabisa, halafu pima kwa mita usome sifuri.

Sasa dayodi. Ya fezi tatu ina dayodi sita zilizokandamizwa kwenye vibao vya alumini. Kosa ambalo mafundi wengi wanafanya ni kuzipima zikiwa zimeungwa na transfoma. Koili za transfoma ni waya mnene, kwa mita ni kama kitu kimoja, hivyo dayodi iliyokatika inasomwa kupitia kwa jirani yake na wewe unasema ni nzima. Fungua zile waya tatu zinazotoka transfoma, weka alama kwanza kwa rangi, ndipo upime moja moja kwenye alama ya dayodi. Upande mmoja isome karibu 0.5, upande wa pili isisome kitu. Ikisoma sifuri pande zote imeshoti, na hiyo kwa kawaida ungeisikia kwa mngurumo mkubwa na breka kukatika. Isiposoma kokote imekatika, na hiyo ndiyo inayoleta moto dhaifu wa kurukaruka kama wako.

Ukimaliza, rudisha kila kitu, funika mashine, na pima fezi zote tatu kwenye breka ya ukutani wakati kijana anachoma hatua ya tano. Kama hujazoea kupima kwenye volti 400, muite fundi umeme akupimie hilo moja, mlipe haki yake. Hapo hapana majaribio.

#15 Kijana wa Goba

Nimeelewa hii ya kupima kupitia kwa jirani kuliko nilivyofundishwa darasani.

#16 Geti la Tabata

Nimemaliza saa mbili usiku. Dayodi zote sita, nimezipima mara mbili: 0.49, 0.50, 0.48, 0.51, 0.49, 0.49. Upande wa pili hakuna kitu. Fezi kwenye breka mashine ikichoma, amenipimia jirani ambaye ni fundi umeme wa majengo: 398, 401, 396.

Kwa hiyo umeme unaingia mzima na dayodi ni nzima, lakini moto hautoki. Mzee, hapa nimeishiwa.

#17 Mzee wa Mota

Hujaishiwa, umepunguza nyumba nzima ikabaki chumba kimoja. Kati ya breka na dayodi pana vitu vitatu: kontakta, swichi ya hatua, transfoma. Transfoma ikiungua inanuka varnishi na breka inakatika. Swichi ya hatua ikiungua, mara nyingi ni hatua moja au mbili zinazogoma na jirani zake zinafanya kazi. Yako inazidi kuwa mbaya kadiri umeme unavyoongezeka, kuanzia katikati mpaka juu. Hiyo ni tabia ya mahali paliposhika nusu, mahali panapopitiwa na hatua zote.

Chomoa tena plagi. Fungua kontakta. Mlio wa tak ni wa sumaku, haukuambii chochote kuhusu vile vidole vya ndani vinavyogusana.

#18 Geti la Tabata

Wakuu, nimeikuta.

Nimefungua kifuniko cha kontakta, skrubu mbili tu. Ndani kuna vidole vitatu vya shaba vinavyoshuka pamoja, kila kimoja kina vipande viwili vidogo vya fedha kwenye ncha, ukubwa wa punje ya dengu. Fezi ya kwanza na ya tatu, fedha imekuwa na rangi ya moshi lakini ni bapa na nzima. Ya kati, punje moja haipo kabisa. Imekwisha, limebaki shimo lenye kingo nyeusi, na kidole kinagusa kwa pembe yake moja tu, pembeni. Plastiki inayokizunguka imegeuka rangi ya chai na imejikunja kidogo. Springi yake nikiibonyeza kwa kucha ni laini kuliko wenzake, imepikwa na joto mpaka imekufa.

Halafu nikagusa skrubu inayoshika waya wa fezi hiyo. Ilizunguka kwa vidole, bila bisibisi. Nadhani hapo ndipo yote yalipoanzia.

Nilikaa chini nikaiangalia kwa muda. Mashine imekuwa ikichoma kwa fezi mbili na pembe ya kidole, na kila asubuhi nilikuwa naisikia inalia tak kama kawaida.

#19 Mzee wa Mota

Alhamdulillah. Umeipata kwa namba, hukuipata kwa kubahatisha.

Umeisoma sawasawa: skrubu ililegea, mguso ukapata joto, joto likapika springi, springi ikalegea, kidole kikaanza kuruka na kuchoma fedha yake. Usisafishe kwa tupa wala msasa hivyo vilivyobaki, ile fedha ni tabaka jembamba, ukiikwangua unafika kwenye shaba na kontakta inakufa haraka zaidi. Badili yote.

Unapokwenda Gerezani au Kariakoo beba ile ya zamani mkononi. Soma maandishi kwenye koili. Yako naamini ni ya volti 24, maana triga ya mkononi haitakiwi kuwa na volti kubwa. Muuzaji atakupa ya 220 kwa sababu ndizo zilizojaa dukani, atakuambia ni ileile. Si ileile, haitavuta. Na ukiiwekea 24 mashine iliyotengenezwa kwa 220, utaiunguza siku hiyohiyo. Linganisha pia ampea zilizoandikwa pembeni, isipungue hata moja.

#20 Bodi ya Lori

Nyongeza kwa wanaosoma baadaye: kuna kinyume chake, kontakta kung'ang'ania. Ukiachia triga na waya bado una moto ukigusa chuma, vidole vimegandana kwa kuyeyuka. Zima kwenye breka mara moja. Na mashine isiyofanya kitu chochote ukibonyeza triga, kabla ya yote pima zile waya mbili nyembamba za triga, zinakatika pale kebo inapoingia kwenye mpini kwa sababu ya kukunjwa kila siku. Waya wa shilingi mia tano unaweza kukulaza siku tatu.

#21 Geti la Tabata

Nimezunguka maduka manne. Matatu walinipa ya 220 kama mzee alivyosema, na mmoja alikasirika nilipokataa. Duka la nne, mzee mmoja akatoa sanduku chini ya meza, ya volti 24, ampea zilezile, sh. 45,000.

Nimefunga jana jioni, nimekaza kila skrubu nikarudia mara ya pili. Hatua ya tano: bila kuchoma 33, ikichoma 23, imetulia, mita haichezi. Mlio umerudi ule wa nyama inayokaangwa kwenye mafuta, niliousahau. Nimechoma vipande viwili vya flati ba ya milimita 6, nikavifunga kwenye jiliwa, nikavipiga nyundo mpaka flati ikakunjika, mshono haukufanya kitu. Nikakata kwa grainda, umezama mpaka ndani.

Dada Chuma, Bodi ya Lori, asanteni sana. Mzee wa Mota, Mungu akuzidishie afya. Ningekopa laki nne kasoro, ningefungwa kadi mpya, na paa-paa ingebaki palepale.

#22 Dada Chuma

Hongera kaka. Na mageti uliyochoma mwezi huo wote?

#23 Geti la Tabata

Dada, hilo ndilo lililoniamsha leo alfajiri. Nimepitia daftari. Ukiacha lile lililobanduka kwenye kirikuu, ambalo halikuondoka karakana, ni mageti matatu yaliyochomwa mashine ikiwa mbovu: Kinyerezi, Segerea na Tabata Kimanga. Nimewapigia wote watatu, nimewaambia ukweli kwamba mashine ilikuwa inaumwa na sikujua, nakuja kukagua bila malipo. Hakuna aliyenifokea.

Kimanga mishono ni mizima, ilikuwa paipu nyembamba za hatua ya pili. Segerea nimeongeza mshono kwenye bawaba mbili. Kinyerezi bawaba ya juu nilipoigonga kwa nyundo ikatoa sauti ya debe. Nimeikata yote, nimesaga mpaka chuma safi, nimeichoma upya. Mwenye nyumba alikuwa amesimama pembeni na mjukuu wake ameshika mguu wake.

#24 Mzee wa Mota

Umefanya kazi ya fundi. Baada ya wiki moja chomoa plagi, ufungue mashine, ukaze tena skrubu za kontakta. Waya wa shaba ukipata joto na kupoa unajikandamiza, skrubu mpya hulegea mara ya kwanza. Kisha kila miezi mitatu, pamoja na kupuliza vumbi.

#25 Geti la Tabata

Nimefungua leo asubuhi, wiki imetimia. Fezi ya kwanza na ya tatu ziligoma kusogea. Ya kati ilikubali robo mzunguko.